Mwenye Maneno

Kwenye skrini mwanamke wa kigeni alikuwa analia, lakini sauti iliyomtoka kinywani ilikuwa ya mwanaume mzima mwenye mafua.

"Baba, huyu simtaki! Anakoroma mpaka kuku wanahama!"

Makarani wa Ofisi ya Hakimiliki waliinamia meza zao, mabega yakiwatetemeka. Mkuu wa kitengo peke yake hakucheka. Alibonyeza kitufe, picha ikaganda, akamgeukia mwenye sauti.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi, mama," alisema Redio.

Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu hazimiki. Kazi yake ilikuwa kutia sauti filamu za nje: mzee, binti, askari, mbwa, wote yeye. Watu walizinunua mtandaoni, wakacheka hadi wakashika mbavu. Sasa kompyuta na maikrofoni yake vilikuwa pale mezani, vimezungushiwa utepe kama zawadi ya mtu mwingine.

"Filamu yenyewe umeilipia, hilo sina ugomvi nalo," alisema mkuu. "Lakini kanuni mpya za biashara ya mtandaoni zimeanza kazi. Tafsiri ni mali ya mwenye filamu. Ukiyauza maneno yake bila ruhusa, umemwibia. Vyombo tunachukua, studio tunafunga."

"Na kama maneno si yake?"

"Sasa yawe ya nani tena?"

Redio alimtupia mkewe jicho la pembeni. Mkewe alikuwa amekaa kifua mbele, mkoba mapajani, mke wa msomi. Alipoposwa, wajomba zake walikataa katakata. Nani anaoza binti kwa mtu anayeishi kwa mdomo? Wakalainika waliposikia kijana anajua lugha ya ng'ambo, ameipata akifanya kazi melini. Meli yenyewe Redio aliiona kwenye kalenda tu.

Lakini bila maikrofoni ile, nyumbani hakuna unga.

"Maneno ni yangu mwenyewe," alisema polepole. "Lugha ile siijui. Hata salamu yao siijui. Namtazama mtu anavyofungua mdomo, namtilia langu."

Hata makarani waliacha kucheka. Mkewe alipiga makofi mara moja, kofi la msiba.

"Haya! Kumbe miaka yote hii naringa bure mtaani!"

"Nisamehe, mama watoto."

"Usiniguse."

Mkuu wa kitengo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Kila tunayemkamata siku hizi anageuka mjinga papo hapo. Sikiliza, bwana. Kama umeyatunga, ni mali yako, unaondoka na vyombo vyako. Kama umeyatafsiri, ni ya mwenye filamu. Jambo jepesi. Tunaye mkalimani, tumemwajiri juzi tu. Tulitangaza nafasi, nchi nzima akajitokeza yeye peke yake."

Redio alishusha pumzi. Aibu alikwisha kuinywa. Kilichobaki ni kurudi nyumbani na maikrofoni yake.

Mkalimani aliingia, binti nadhifu mwenye miwani. Alipomwona Redio alishtuka, akainamisha kichwa.

"Shikamoo!"

"Marahaba," alijibu Redio, akidhani ni malezi mema tu.

Filamu ikaanzishwa upya, safari hii kwa sauti yake ya asili. Mkalimani alifumba macho. Midomo ilianza kumcheza hata kabla mwanamke wa kwenye skrini hajafungua wake.

"Anasema: baba, huyu simtaki."

Redio akakaa wima.

"Anakoroma," aliendelea mkalimani, "mpaka kuku wanahama."

Mkoromo ule Redio aliuchukua kwa baba mkwe wake. Kuku pia. Alimkodolea macho mwanamke wa kwenye skrini kama mtu aliyeibiwa.

Baba wa filamu naye akafoka maneno marefu.

"Anamjibu: na wewe unavyotafuna tunakusikia hadi barabarani, mbona sisi hatujahama?"

Neno kwa neno. Mkuu wa kitengo alikuwa ameweka sauti ya Redio kwenye kompyuta nyingine, analinganisha, anatikisa kichwa kwa heshima. Kwa mara ya kwanza maishani Redio alijishuku: huenda lugha ile anaijua.

"Tafsiri safi," alisema mkuu. "Sijapata kuona safi namna hii. Pole, bwana. Vyombo vinabaki."

"Mama, nakuapia haki ya..."

"Nyamaza, baba watoto!" Mkewe alikuwa amesimama, macho yanameremeta, amemshika mkono mbele ya makarani wote. "Msomi mzima unajitia mbumbumbu kwa ajili ya maikrofoni? Maikrofoni inanunuliwa. Umenitia presha bure. Twende nyumbani."

Makarani wakaanza kubeba kompyuta kuipeleka stoo. Redio aliitazama ikipita, akatazama mkono wa mkewe ulivyomng'ang'ania, akashindwa aanze kulia au kucheka. Mlangoni alijinasua, akarudi kwa mkalimani, akamwinamia sikioni.

"Dada yangu, nisaidie nisirukwe na akili. Lugha hii umejifunzia wapi?"

Binti alivua miwani, akaona haya kidogo.

"Kwako, mwalimu. Tangu nikiwa mtoto filamu zako sijakosa hata moja."