Chupa za Mwanakombo

Siku hizi kipande cha tumbo kinachokatwa ili mtu apungue hakitupwi. Unarudi nacho nyumbani ndani ya chupa, kikiwa hai, nawe unakilisha uji.

Mwanakombo, aliyekwisha kukatwa mara moja, alipoanza kunenepa tena, daktari alimwonya: "Bi Mwanakombo, tumbo lenye kovu kulikata tena ni hatari. Mshono huvuja."

Hakusikia. Mshono ukavuja, wakamzika, na mumewe Shaibu akakabidhiwa chupa ya pili.

Shaibu aliacha kuvilisha uji, akidhani vipande vile vitamfuata mwenye tumbo kaburini. Lakini baada ya arubaini, alipopakua wali wa nazi, kabati lenye zile chupa likanguruma kwa njaa.

Binti yao mdogo akasogea mkekani kumpisha mtu.

"Baba," akauliza, "mbona humkaribishi Mama?"