Mpini wa Mlango

Sheria iliwataka wanaume waliotimiza miaka sabini waubane mpini wa mlango kabla ya kutoka nje. Mkono ukilegea, mlango ulijua mifupa nayo imedhoofika, ukagoma kufunguka.

Leo ulimgomea Mzee Shekue.

Mkwewe, Saumu, alisimama nyuma yake, machozi yakimlengalenga. Tangu aolewe katika nyumba ile alikuwa akimpokea kila mzigo: jembe, dumu la maji, hata kikapu cha mchicha.

"Nilikuwa nakuheshimu tu, baba."

"Najua, mwanangu. Nami nilipenda kuheshimiwa."

Mzee akaenda jikoni, akalishika dumu lililojaa, akaanza kulinyanyua taratibu, mishipa ikimtoka shingoni.

Saumu alimtazama. Kisha, bila hata kufikiri, akasogea akampokea.