Mlenda wa Kiomboi

Alipofika Manyoni, Mughwai aligundua kwamba ameipenda sana sentensi moja ya salamu zake za mazishi. Akaona aibu, akazima redio ya gari.

Sentensi yenyewe ilikuwa nzuri. Ilimjia tu barabarani, kama yanavyowajia waandishi mambo wasiyostahili.

Asubuhi ile alikuwa Dodoma, ndani ya ukumbi wa mahakama, simu ilipotetemeka mfukoni. Aliichungulia chini ya meza. Lilikuwa kundi la waliosoma pamoja sekondari: *Msiba kwa Mwalimu Gervas, Kiomboi. Maziko leo alasiri.* Ujumbe uliendelea, lakini hakimu alikuwa anamtazama, akairudisha simu mfukoni. Aliomba kesi iahirishwe, akaondoka na suti aliyokuwa ameivaa.

Mughwai alikuwa wakili mchana na mwandishi wa vitabu usiku. Kazi hizo zilimpa jina, zikamnyima muda. Mara nyingi alipita njia panda ya Misigiri akienda Mwanza kwenye kesi, na kila mara alijiambia kwamba akirudi atakunja kwenda Kiomboi kumsalimia Mwalimu. Akirudi alikuwa na haraka.

Kwenye mkoba alikuwa na nakala ya kitabu chake cha kwanza. Ukurasa wa mbele ulikuwa umeandikwa: *Kwa Mwalimu Gervas, baba yangu wa Kiomboi.* Aliwahi kuahidi kwa simu kwamba atakileta kwa mkono wake. Sasa angekiweka juu ya jeneza.

Alikuwa ndiyo kwanza amekunja kona ya Misigiri simu ilipoita. Ni Frank, waliyekaa naye dawati moja, ambaye siku hizi ana duka la mbegu na dawa za mifugo Kiomboi.

"Uko wapi, wakili?"

"Nimeshaiacha lami. Mmeanza?"

"Ibada imekwisha, tuko kwenye salamu. Nimekupanga wa mwisho."

"Frank, nitasimamaje mbele ya wale watu? Tangu tumalize shule sijakanyaga pale."

"Sema ulivyokula. Hakuna aliyekula nyumba ile kama wewe. Mnyaturu wewe, ulikuwa unaramba mpaka bakuli." Frank alicheka kidogo. "Ila fika, bwana. Usipofika, watu watasema."

Alikuta turubai limejaa. Jeneza halikuonekana vizuri. Akina mama wa kanisa, wote katika sare ya vitenge, walikuwa wamelizunguka bega kwa bega. Lea, binti wa Mwalimu, alimpokea uani akiwa na macho yaliyovimba.

"Pole sana, dada."

"Umekuja, kaka." Lea alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Alikuwa anakuulizia. Basi la Singida likipiga honi tu, anasema, huenda Mughwai yumo. Kuna jogoo alikataza asichinjwe, eti ni wa kwako."

Mughwai alimshika bega, akaingia chini ya turubai. Alimtafuta Mama Lea, mke wa Mwalimu, kwa macho ampe pole, asimwone. Atakuwa ndani, alijiambia. Wajane hukaa ndani.

Kwenye kiti cha mbele alikaa mzee mwembamba, koti zito, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Mughwai akainama.

"Shikamoo, mzee. Poleni kwa msiba."

"Marahaba."

Mzee aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, asiuachie upesi. Huyu ni ndugu wa Mwalimu, Mughwai aliwaza, wamefanana mpaka pua. Mzee alikuwa anafungua kinywa aseme kitu, lakini msemaji wa shughuli akawa ameshamwita Mughwai kwenye kipaza sauti.

Alianza kwa sauti ya chini.

"Nilitoka Ikungi kuja kusoma hapa nikiwa sina ndugu. Mwalimu Gervas akanichukua, nikaishi nyumba hii. Nikichelewa kurudi, nilikuta bakuli langu limefunikwa kando ya moto, ugali na mlenda, bado vya moto. Shati langu la shule lilikuwa limefuliwa. Nilipougua malaria, kuna mkono ulinibadilishia kitambaa cha maji kichwani mpaka kunakucha. Mwalimu alikuwa kwangu baba na mama."

Akina mama wa vitenge waliinua vichwa. Mmoja alijiziba mdomo kwa kiganja. Mughwai akaona maneno yamewafika, na sauti yake ikapata nguvu.

"Leo Kiomboi inazika mkono ulionilisha, nami nimekuja kuushika ukiwa umeshapoa."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya Manyoni. Aliisema vizuri, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Akatoa kitabu mkobani.

"Mwalimu, nisamehe. Nilikuahidi nitakuletea. Nimechelewa."

Akaliendea jeneza. Akina mama hawakumpisha. Walimtazama tu. Frank alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mzee wa koti zito aliinuka polepole, mkono mmoja kwenye fimbo. Alimfikia, akakichukua kile kitabu, akakisogeza karibu na macho na kuusoma ukurasa wa mbele mpaka mwisho. Kisha akamrudishia.

"Ahsante, mwanangu, kwa kunisifu nikiwa hai," alisema. "Ila mimi ugali sijawahi kuusonga. Sasa waambie watu habari za Mama Lea, tupate kumzika."