Ulimi wa Aikande

Miaka hiyo kila muonja bia aliwekewa kidonge chini ya ulimi kilichomuunganisha na muonja mwenzake. Ladha aliyoipata mmoja, mwingine aliipata papo hapo, na hata sauti zao walisikiana. Mwenzake Aikande alikuwa Lumuli, mwanamume wa Iringa ambaye hawakuwahi kuonana naye.

Ndekirwa, mumewe Aikande, alivumilia. Mpaka Jumamosi moja mchana, mkewe alipomimina sebuleni bia mpya ya IPA, kali maradufu, yenye ukungu kama juisi ya mapera. Aikande alinusa, akapiga funda, akafumba macho.

"Chungwa," alisema Ndekirwa, akionja glasi yake.

"Chenza, Baba Anande. Na ganda la ndimu. Uchungu unafuata taratibu." Akatabasamu peke yake. "Lumuli naye anasema chenza."

Wivu ukamkaba Ndekirwa. Alikumbuka mtori wa ndizi na nyama aliompikia mkewe juzi. Kumbe walikula watatu. Akainuka, akamshika mkewe kidevu, akambusu kwa kituo, ili yule wa Iringa ajue nyumba ina mwenyewe.

Aikande alitulia, kama anayesikiliza hodi ya mbali. Kisha akamtazama mumewe.

"Umerudia sigara?"

"Nani kasema?"

"Lumuli. Anasema anaisikia kila ukinibusu, tangu Krismasi. Alidhani najua."

Ndekirwa alikosa pa kuangalia. "Na wewe hukuisikia?"

Aikande aliramba midomo.

"Hapana," alisema polepole. "Nadhani siku hizi yeye ndiye anayekuonja."