Macho ya Baba Lugano

Siku hizi hakuna kipimo cha joto la shambani kinachopokelewa mpaka watu wawili wa nyumba moja wakisome kwa macho yao. Nyumba ikibakiwa na msomaji mmoja, wenyewe huhamishiwa mjini na shamba hupewa wengine.

Asubuhi hiyo Sekela alimpisha mumewe mbele ya kipimajoto.

“Anza wewe, Baba Lugano.”

“Mwenye haraka ni wewe. Sema.”

Kipimo kilionyesha ishirini na sita. Sekela akasema, “Kumi na tisa.”

Mumewe aliinama, akakodoa macho kwa muda mrefu. “Kumi na tisa kamili. Leo umepatia.”

Sekela akaandika ishirini na sita daftarini, akamwelekeza mahali pa kuweka kidole gumba. Mumewe akakiweka, lakini hakuondoka.

“Shingo yangu inaungua, Mama Lugano. Hii si kumi na tisa.”

“Mbona umekubali?”

“Ningesema nini? Sioni tangu masika. Umeandika ngapi?”

“Ishirini na sita.”

“Haya. Nakuamini.”

Kesho yake Sekela alikisoma kipimajoto peke yake, akakirudia, akakirudia tena. Kila mara aliiona namba ileile, na bado hakuwa na hakika.