Maji ya Matanga

Tangu mtambo wa kusafisha maji wa kijiji uboreshwe, bomba lilimtambua kila mtu kwa kiganja chake, likamtilia kwenye maji dawa ya chochote kinachomsumbua. Watu walikuwa wamekwisha kuisahau malaria, hata presha.

Siku waliyomzika Mwakio, mkewe Mghoi alirudi nyumbani koo limemkauka kwa kulia. Akakinga maji kikombeni, akanywa. Kabla hajashusha kikombe, machozi yalikatika. Akalitaja jina la mumewe, nalo likampita mdomoni kama jina la mtu wa kijiji cha pili. Kikombe kikamponyoka.

“Umeumia, mama?” aliuliza binti yake Wakesho, akiingia kutoka uani.

“Siumii popote, na hilo ndilo linalonitisha. Usiyaguse maji hayo, mwanangu. Udongo wa kaburi la baba yako bado mbichi.”

Wakesho alijifuta midomo iliyolowa, akamtazama mamake kwa upole.

“Mimi nimeshakunywa, mama. Haya, leo tupike nini?”