Masikio ya Mjukuu

Huku kwetu Dundori, mtoto akizaliwa mweupe hatudanganyiki. Tunaangalia masikio, kwa sababu rangi ya ncha ya sikio ndiyo rangi atakayokua nayo.

Shosho alifunua shali, akaona masikio ya mjukuu wake ni meusi tii, kama yake mwenyewe. Akacheka.

"Huyu msichana ni wetu!"

Nyakio, mama wa mtoto, hakucheka. Uso wake ulikuwa wa manjano kama papai kwa zile krimu za Nakuru, lakini vifundo vya vidole vilikataa katakata, vikabaki vyeusi.

"Ni meusi, Mami? Niambie ukweli."

"Meusi mazuri."

Nyakio akatoa kopo la krimu chini ya mto.

"Wewe! Huyu ana wiki moja tu," shosho akasema. Alipoona binti yake hasikii, akajaribu mzaha. "Haya, kitendawili! Nyumba nimeipaka chokaa, milango imekataa."

"Najua, Mami. Ni mimi na hivi vidole. Nilichelewa kuanza." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Shuleni waliniita Makaa mpaka nikamaliza. Huyu hawatamwita hivyo."

Shosho akamkumbatia mtoto kifuani kwa nguvu. Mtoto akaanza kulia, akageuza mdomo huku na huku akitafuta titi. Akapata sweta tu.

Akalia zaidi.

"Mlete anyonye," Nyakio akasema.

Shosho akampa.

Mtoto akanyonya, akatulia. Kwa mkono uliobaki, Nyakio akafungua kopo.